Nguo ya kuazima haisitiri maungo: majaketi ya boti za Tana yapimwe mwilini

Mpwa wangu anafanya kazi hotelini Diani. Mwaka jana alinipigia simu akaniambia, "Mjomba, nimeweka akiba, nataka kuruka na parachuti. Njoo unishuhudie." Nilicheka. Mimi ni mtu wa Garsen. Nimekulia kando ya mto, na kwetu mtu haruki isipokuwa anamkimbia kiboko. Lakini mtoto wa dada akikuita hukatai, nikapanda basi nikaenda.

Nilidhani nitaona watu wakipandishwa ndege na kusukumwa nje. Nilichokiona kwanza ni mizani. Kila aliyekuja kuruka alisimamishwa juu yake, viatu pembeni, kilo zake zikaandikwa. Mkufunzi akamtazama mpwa wangu kuanzia mabegani hadi miguuni kama fundi cherehani anayetaka kukata kanzu. Akachukua seti ya mikanda, akamvika, akairudisha. Akaleta nyingine. Akavuta mkanda wa paja la kulia, wa kushoto, wa kifua, wa kiunoni. Akamwambia achuchumae, asimame, achuchumae tena, kisha akavuta upya, kwa sababu mkanda unaobana vizuri mtu akisimama hulegea akijikunja.

Halafu akamkalisha chini na kumwambia, "Inua magoti, shika mapaja, nyoosha miguu mbele. Kaa hivyo." Nikauliza sababu. Akanieleza kwamba wanaporuka wawili, mgeni akiwa amefungwa mbele ya mkufunzi, wakati wa kutua mgeni lazima ainue miguu. Asipoinua, miguu yake hugusa ardhi kabla ya ya mkufunzi, na hapo ndipo vifundo na magoti huvunjika.

Kabla yetu alikuwapo mzee mmoja mgeni, mtu wa heshima, aliyetaka sana kuruka. Nyonga zake zilikuwa nzito. Alijaribu kuinua miguu mara tatu, haikupanda. Mkufunzi alikaa naye pembeni, akazungumza naye taratibu, na yule mzee hakuruka. Alipewa kiti akatazama wenzake. Hakuna aliyemcheka, wala hakuna aliyemwambia, "Panda tu, Mungu yupo."

Hilo ndilo lililonirudisha nyumbani kimawazo. Njia nzima, Ukunda hadi Mombasa, Mombasa hadi Malindi, Malindi hadi Minjila, nilikuwa namkumbuka shangazi yangu.

Jaketi la kupakata

Mwishoni mwa 2023 mvua za El Niño zilipotupiga, maji yaliikata barabara ya Garsen kwenda Lamu upande wa Gamba. Magari yalisimama huku na huku, na abiria wakawa wanavushwa kwa boti. Nilikuwa namsindikiza shangazi kwenda matangani Witu. Shangazi amepita miaka 70. Bega lake la kulia haliinuki tangu alipoanguka na mzigo wa kuni miaka mingi iliyopita. Kujifunga leso huomba msaada.

Kijana wa boti alikuwa mwema, sitamlaumu. Aligawa majaketi ya kuokoa maisha, yote ya rangi ya machungwa, yote ya kipimo kimoja. La shangazi lilikuwa la kuvaliwa kwa kupitisha kichwani. Tulijaribu. Mkono haukupanda. Nyuma yetu watu walikuwa wanasukumana, na nahodha akapaza sauti, "Mpe tu mama alishike, la muhimu awe nalo!" Basi shangazi akalikalia pembeni, akaliweka mapajani, akaniambia, "Baba, hili nimelipakata kama mjukuu."

Mbele yetu alikaa mtoto wa miaka kama sita, jaketi limemfika magotini, mabega yake yote mawili yakiwa ndani ya tundu la shingo. Kando yake mama mmoja alikuwa amembeba mchanga mgongoni kwa leso, na jaketi limefungwa juu ya wote wawili. Kijana alituhesabu, akahesabu majaketi, hesabu ikakubali. Tukaondoka.

Tulifika salama, na kwa sababu tulifika salama hakuna aliyeuliza chochote. Lakini laiti boti ile ingepinduka, nani kati ya wale watatu alikuwa amevaa jaketi? Kwa karatasi, wote. Kwa maji, hakuna hata mmoja.

Hoja yangu leo ni moja. Chombo cha kuokoa maisha si chombo mpaka kikubali mwili wa anayekivaa. Katika Pwani hii hii moja, anayeruka kwa starehe anapimwa kutoka utosini hadi kidoleni, na anayevuka kwa dhiki anarushiwa kilichopo. Tofauti hiyo wengi huiita tofauti ya fedha. Nadhani fedha ni sehemu ndogo tu, na nitaeleza kwa nini.

Wanaoruka wanapima nini

Tuanze na wenye ujuzi wao. Mtu akitaka kujifunza kuruka peke yake, vifaa vyake huchaguliwa kwa mambo matatu: uzito, umbo na wepesi wa viungo.

Uzito ndio unaochagua ukubwa wa parachuti. Wao hupima parachuti kwa futi mraba. Huchukua uzito wa mtu pamoja na vifaa vyote alivyobeba, kwa ratili, wakaugawanya kwa futi mraba za parachuti. Anayeanza hushauriwa jawabu lisizidi 1. Mfano, mtu wa kilo 70 mwenye vifaa vya kilo 12 ana jumla ya kilo 82, yaani ratili 181 hivi. Parachuti yake haifai kuwa chini ya futi mraba 181, na shule nyingi humpa kubwa zaidi ili ashuke polepole na asamehewe makosa. Parachuti ile ile akipewa mtu wa kilo 110, itamshusha kwa kasi ambayo miguu yake haijajifunza kuipokea. Kitambaa ni kile kile, mshono ni ule ule, lakini kwa mmoja ni usalama na kwa mwingine ni hatari.

Umbo ndilo linalochagua mikanda. Kuna watu wafupi wenye kiwiliwili kirefu, kuna warefu wenye miguu mirefu na kifua kifupi. Mikanda ikiwa mirefu kuliko kiwiliwili, parachuti inapofunguka mkoba hupanda hadi kisogoni, na mvaaji huhangaika kutafuta mipini ambayo haipo tena pale alipoizoea. Mikanda ya mapaja ikilegea, mwili hutaka kuteleza. Ikibana kupita kiasi, damu haitembei na mguu hufa ganzi. Ndiyo maana huvuta, wakachuchumaza, wakavuta tena.

La tatu, wepesi wa viungo, ndilo ambalo wengi wetu hatulifikirii. Kwenye mikoba mingi ya siku hizi, mpini wa kufungulia parachuti kuu uko nyuma, chini ya mkoba, upande wa kulia wa kiuno. Ili uufikie, bega lako lazima lizunguke na mkono urudi nyuma bila kutazama. Mipini miwili ya dharura iko kifuani: wa kulia huachilia parachuti kuu iliyoharibika, wa kushoto hufungua ile ya akiba. Mwenye bega gumu, au aliyevaa suti nene inayobana kwapa, anaweza kujua somo lote kwa moyo na bado mkono wake usifike. Mkufunzi mwema humjaribu mtu akiwa chini, amevaa kila kitu, mara kumi, mara ishirini. Mkono usipofika, hawamlaumu mtu kwa bega lake. Hubadilisha suti, hubadilisha mkoba, au humwambia asiruke.

Na baada ya yote hayo, hawamwachii mtu mwenyewe mzigo wote. Mkoba wa mwanafunzi huwa na kifaa kidogo kinachosoma kasi na kimo. Mtu akiwa bado anaanguka kwa kasi akiwa karibu futi 750 kutoka ardhini, kifaa hicho, kwa mipangilio ya kawaida ya wazoefu, hufungua parachuti ya akiba chenyewe. Kile cha mwanafunzi hupangwa kuwahi zaidi. Parachuti ya akiba nayo hukunjwa na fundi mwenye leseni. Marekani, kwa mfano, lazima ifunguliwe, ikaguliwe na kukunjwa upya kila siku 180, hata kama haijaguswa.

Wameyajua haya kwa kuzika watu. Kila kanuni wanayofuata ina maiti nyuma yake. Sisi pia tumezika. Lakini kanuni zetu ziko wapi?

Na wanaovuka je?

Sheria za jaketi zipo, wala si siri. Kanuni za kimataifa za meli kubwa hugawa majaketi kwa uzito na urefu: la mchanga ni chini ya kilo 15, la mtoto ni kuanzia kilo 15 hadi chini ya kilo 43, la mtu mzima ni kilo 43 kwenda juu. Zinasema jaketi limwezeshe mtu aliyezimia kugeuka uso juu haraka, na mdomo wake ukae juu ya maji. Zinasema tena kwamba kati ya watu ambao hawajawahi kuliona jaketi hilo, angalau asilimia 75 waweze kulivaa sawasawa ndani ya dakika moja bila kusaidiwa.

Soma hilo la mwisho mara mbili. Dakika moja, bila msaada, kwa mtu asiyelijua. Waliotunga walimfikiria mtu mwenye hofu, gizani, mikono inatetemeka. Kwa maneno mengine walimfikiria shangazi yangu. Aliyenunua yale majaketi ya Gamba hakumfikiria.

Nguvu ya jaketi huandikwa kwa nyutoni. Usitishike na neno hilo. Nyutoni 10 ni sawa na kunyanyua kilo moja hivi. Mwili wa mtu mzima ukiwa majini unataka msaada wa kilo 3 hadi 5 tu ili kichwa kibaki juu, kwa sababu maji yenyewe hubeba sehemu kubwa. Jaketi la nyutoni 50 ni la anayejua kuogelea, aliye karibu na nchi kavu, na halimgeuzi aliyezimia. La 100 ni la maji yaliyotulia. La 150 ni la maji yenye nguvu, na la mtu aliyevaa nguo nzito. Sasa jiulize, Tana ya mafuriko, yenye magogo, mamba na mkondo unaong'oa miembe, ni maji gani hayo? Na mama aliyevaa dera na buibui juu yake, amebeba na kifurushi, ni muogeleaji wa nyutoni 50?

Hesabu ya watoto nayo. Kanuni zile zile hutaka majaketi ya watoto yasipungue asilimia 10 ya abiria, na watoto wakizidi hapo kila mmoja awe na lake. Zinahusu meli za safari za nje, hazihusu mtumbwi wa Ozi wala boti ya kukodi ya Kipini, hilo nalielewa. Lakini maji hayasomi sheria kujua yanambeba nani. Na boti ya kuhamisha kijiji si meli ya watalii. Kina mama na watoto ndio hupandishwa kwanza, na inavyofaa hivyo. Basi kwa hesabu ya kawaida, boti inayookoa watoto ndiyo ingebeba majaketi mengi zaidi ya watoto. Kwetu ni kinyume.

Mto huu tunaujua

Kuna wanaosema mafuriko ni ajali, na ajali haina kinga. Kwa Tana hilo si kweli. Mto huu huanza nyanda za juu, Mlima Kenya na Aberdare, ukapita mabwawa matano ya umeme, Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, kabla ya kushuka Garissa, Hola, Garsen na kumwaga baharini Kipini. Mvua ikinyesha huko juu na Masinga likajaa, kama ilivyokuwa 2018 na 2024, maji yatatufikia. Yatachukua siku kadhaa. Hatushtukizwi kama watu wa tetemeko la ardhi. Tunapewa muda, na muda huo ndio wa kupima watu majaketi.

Wala sisemi mto ni adui. Maji ya mafuriko ndiyo yanayorutubisha mashamba ya mpunga na kuwapa wafugaji malisho wakati wa kiangazi. Wazee wa Ngao na Golbanti walijenga maisha yao juu ya kujaa na kupwa kwa Tana. Walikuwa na mitumbwi yao na walijua kusoma mkondo kwa upondo. Lakini leo wanaovuka si wavuvi na wakulima wa mtoni peke yao. Ni walimu waliopangiwa kazi kutoka bara, wanafunzi, wauguzi, wajawazito wanaokwenda hospitali, abiria wa mabasi ya Lamu ambao hawajawahi kukanyaga mtumbwi. Hawa mto hawaujui. Kinga yao ni jaketi tu.

Na gharama ya kukosea tunaijua. Jumapili ya tarehe 28 Aprili 2024, boti iliyobeba watu wengi ilizama Kona Punda, pale maji yalipokuwa yamefunika njia kati ya Garissa na Madogo, katika kaunti yetu. Msalaba Mwekundu walitangaza kwamba watu 23 waliokolewa. Wengine walitolewa wakiwa maiti. Msimu ule nchi nzima ilipoteza karibu watu 300 kwa mafuriko.

Tarehe ile iliniuma kwa sababu nyingine. Tarehe 29 Aprili 1994 ndipo feri ya Mtongwe ilipozama Mombasa, watu 272 wakafa, wengi wakiwa mita chache tu kutoka ng'ambo. Kati ya msiba ule na wa Kona Punda ni miaka 30 kasoro siku moja. Miaka 30 ni muda wa mtoto kuzaliwa, kusoma, kuoa na kuwa nahodha. Katika muda huo tumejifunza kuhesabu majaketi. Kuyapima bado.

Watakaonipinga

Najua nitakayoambiwa. La kwanza, kwamba jaketi lolote ni bora kuliko hakuna. Nakubali, usiku wa dharura mpe mtu ulichonacho, hata dumu tupu la lita 20 lililofungwa vizuri limeokoa watu. Lakini jaketi la mtu mzima kwa mtoto wa miaka sita si nusu ya usalama. Akitumbukia, jaketi huelea nalo mwili huteleza chini, na mara nyingine humfunika uso. Mzazi aliyeketi karibu anaona rangi ya machungwa juu ya maji akidhani mwanawe yumo.

La pili, kwamba tatizo ni kujaza boti kupita kiasi, na barabara mbovu, na madaraja. Ni kweli tupu. Boti iliyojazwa itapinduka hata kama abiria wote wamevaa mavazi ya kifalme. Daraja na tuta imara ndiyo dawa ya kudumu, na tuendelee kuyadai kwa sauti. Lakini tuta ni la miaka na bajeti za Nairobi. Majaketi ya vipimo vitatu ni jambo la kabla ya mvua zijazo.

La tatu ni la fedha. Wanasema wale wa Diani hulipiwa na wageni. Hapa ndipo nasema fedha ni sehemu ndogo. Majaketi yale ya Gamba yalinunuliwa. Fedha ilitoka, iwe ya mwenye boti, ya mfadhili au ya umma. Jaketi la mtoto halina kitambaa kingi kuliko la mkubwa. Kilichokosekana ni swali moja tu kabla ya kununua: nani atavaa? Na mzee wa Diani kuambiwa "wewe hapana" hakukugharimu senti. Kulihitaji mtu mwenye kujua, mwenye mamlaka ya kukataa, na asiyemwonea haya mwenye nguvu wala kumdharau mnyonge.

Tufanye nini

Kwa wewe msomaji, unayevuka kesho. Jaketi ukipewa, usilikalie. Tafuta kibandiko ndani, usome kilo zilizoandikwa. Livae, funga vifungo vyote, kisha inua mikono juu na umwambie mwenzako alivute kutoka mabegani. Likipita kidevu na kufika masikioni, ni kubwa, omba jingine au kaza mikanda. Ukishindwa kupumua au kuinama, ni dogo. Sifongo ndani ikivunjikavunjika ukiibonyeza, au kitambaa kimechomwa na jua hadi kinachanika kwa kidole, hilo ni pambo.

Mwenye bega gumu, mwenye mgongo, mjamzito, mzee: omba linalofunguka mbele kama kizibao, lisilopita kichwani. Jaribu kulifunga mwenyewe ukiwa bado nchi kavu. Usione haya kusema "siwezi". Mzee wa Diani alisema, na yuko hai na heshima yake.

Kina mama, kuna jambo letu la kusitiriana. Mkanda wa kupita katikati ya miguu ndio unaozuia jaketi kupanda kichwani, hasa kwa watoto, na wengi huukataa kwa sababu ya dera na buibui. Haya ni haki yenu. Njia ipo: vaeni suruali ndani, mkanda upite chini ya vazi la juu. Jaketi lenyewe likae juu ya buibui, si chini yake. Na mtoto mchanga asifungwe kwa leso ndani ya jaketi la mama. Mama akigeuzwa uso juu, aliye mgongoni atakuwa chini ya maji. Mchanga awe na lake, abebwe mbele, mkononi.

Kwa wenye boti: mizani ya kupimia samaki mnayo. Wekeni na ya kupimia watu. Na kama mama hana muda wa kumpima mtoto, kitabu chake cha kliniki kina kilo za mtoto za karibuni. Kila mama wa Tana River anacho. Andikeni kilo kwa rangi kubwa mgongoni mwa jaketi, watoto rangi moja, wakubwa nyingine, ili kijana wa boti asihangaike kusoma kibandiko huku mvua inamnyeshea.

Kwa serikali ya kaunti, kwa wafadhili na kwa KMA inayosimamia usafiri wa majini: zabuni ya majaketi isiseme tu "majaketi 200". Iseme mangapi ya wachanga, mangapi ya watoto, mangapi ya wakubwa, mangapi ya kufunguka mbele, na nyutoni ngapi. Mkaguzi akija kivukoni asihesabu peke yake. Amchague abiria mmoja mzee na mtoto mmoja, awaambie wavae, na atazame saa. Dakika moja ikipita hawajavaa, boti ile haina majaketi. Na nahodha apewe haki, na ulinzi wa kisheria, ya kumwambia mtu yeyote, hata mheshimiwa, "Wewe subiri safari ijayo, sina la kipimo chako."

Mpwa wangu alitua salama mchangani, miguu juu kama alivyofundishwa, akaja mbio kunikumbatia. Nilifurahi naye. Alikuwa ametumia dakika chache hewani, na zaidi ya saa nzima akipimwa.

Nilipofika nyumbani nilimweleza shangazi habari ya mzee aliyekataliwa. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Na mimi siku ile kwa nini sikuambiwa hapana?" Sikuwa na jibu la kumpa. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Ya majini haiokoi pia, kama haikukatwa kwa mwili wako. Mvua zitarudi. Kabla hazijarudi, kila kivuko kutoka Madogo hadi Kipini kiwe na mizani moja, majaketi ya vipimo vitatu, na mtu mmoja mwenye ujasiri wa kusema hapana.